Kusogeza bamba la nambari hakukufichi

Je, msomaji, umewahi kusikia madereva wakidai kuwa bamba la nambari likishushwa au likisogezwa pembeni, chombo cha leza cha polisi hakiwezi kupima mwendo wa gari?

Dai hilo lina chembe tu ya ukweli. Chombo hicho hurusha miale isiyoonekana kwa macho, ambayo hugonga gari na kurudi. Muda wa kwenda na kurudi ukizidi kupungua, chombo hujua gari linakaribia kwa kasi gani. Bamba hurudisha mwanga kulikotoka, ndiyo sababu askari hupenda kulilenga.

Lakini miale hiyo hutanuka. Ifikapo mita 300, upana wake huwa karibu mita 1. Ukilisogeza bamba kidogo, bado litamulikwa. Hata lisipokuwapo, kama ilivyo mbele ya magari mengi katika jimbo la Florida, Marekani, taa hurudisha miale. Huenda tu gari likapimwa likiwa karibu zaidi.

Kupima huchukua chini ya sekunde 1. Kwa hivyo ukimwona askari, huenda amekwisha kukupima.

Hapa Kenya, sheria yataka bamba mbele na nyuma, tena lionekane wazi. Na kumbuka, mwendo ukiongezeka maradufu, breki huhitaji nafasi mara nne kulisimamisha gari. Mtoto anayevuka barabara haokolewi na bamba lililofichwa. Punguza mwendo.