200 jumlisha 100 ni 44? Hapana, kompyuta haijaharibika

HEBU fikiria una Sh200 kwenye simu. Rafiki anakutumia Sh100. Unacheki salio, unakuta Sh44. Si utapiga kelele?

Basi jua kwamba prosesa inaweza kukupa jibu hilo bila wasiwasi wowote.

Wengi wetu tulianza na Python, ambako nambari nzima hukua kadiri unavyotaka. Ukishuka hadi lugha ya asembli, mambo yanabadilika. Huko unakutana na rejista, yaani visanduku vidogo ndani ya prosesa ambamo hesabu hufanyiwa. Rejista inayoitwa AL, kwenye prosesa za x86, ina biti nane pekee. Mwisho wake ni 255.

Sasa andika mistari miwili: mov al, 200 halafu add al, 100. Jibu la 300 haliingii. 256 zinamwagika, 44 zinabaki. Programu haisimami wala haikuonyi. Prosesa inainua tu kibendera kiitwacho CF kuonyesha kuna kitu kimemwagika. Usipokiangalia, shauri yako.

Utakionaje? Kwenye Linux, fungua programu yako ndani ya GDB na uisimamishe baada ya mstari wa pili. Andika print $al, utaona 44. Kisha andika info registers eflags, na hapo CF itajitokeza. Hakuna kubahatisha tena.

Usidhani haya ni ya darasani tu. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilitolewa kwa Ariane 4, ambayo mwanzoni mwa safari haikuwa na kasi kubwa hivyo ya kwenda upande. Nambari moja ikapita 32,767, kikomo cha biti 16 zinazobeba pia nambari hasi. Kosa lilijitangaza, lakini hakukuwa na maagizo ya kulishughulikia. Kompyuta za mwelekeo zikazima, roketi ikapinda, na sekunde kama 40 baada ya kupaa ikalipuka pamoja na setilaiti nne.

Kwa hivyo kabla ya kuandika add, jiulize: nambari kubwa zaidi itakuwa ngapi? Itatoshea? Na ikimwagika, nani atajua?