Homa na Damu

Mzazi wa Lulimba, katika eneo la Fizi, ampelekaye mtoto mwenye homa kituoni, aghalabu hurudi na karatasi yenye maneno mawili matatu asiyofafanuliwa, ilhali maneno hayo, yaani plasmodiamu, himoglobini na anemia, yote yasimulia kisa kimoja. Plasmodiamu ni kimelea cha malaria kiletwacho na mbu jike wa anofelesi, ambacho tabibu Mfaransa, Alphonse Laveran, alikiona kwa hadubini nchini Algeria mwaka 1880. Nacho kikishaingia katika chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, yaani ile protini yenye chuma ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni hadi viungoni, kisha huipasua chembe na kuhamia nyingine. Hapo ndipo izukapo anemia: viganja na ndani ya kope hupauka, na pumzi huenda mbio. Himoglobini ya mtoto wa chini ya miaka 5 ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa anemia kali, na pengine hapana budi aongezwe damu. Kipimo cha haraka cha tone la kidoleni, ambacho wengine hukibeza bure, hutafuta protini ya kimelea. Kiasi cha himoglobini hakikionyeshi. Basi, mzazi, uliza nambari hiyo kabla hujaondoka kituoni.