Saratani na gharama zisizoandikiwa risiti

Saratani imo katika orodha ya magonjwa ambayo sera ya afya ya Tanzania inayapa msamaha wa gharama za matibabu. Kwa mujibu wa sera hiyo, mama wa Newala aliyegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi hapaswi kukosa mionzi kwa sababu ya umaskini. Lakini muulize yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa saratani. Atakwambia mikorosho iliwekwa rehani, korosho za msimu uliofuata ziliuzwa kangomba, yaani kwa walanguzi, zingali mtini, na deni la vikoba bado linadaiwa hadi leo. Kama matibabu yana msamaha, fedha hizo zote zilikwenda wapi?

Nyingi ziliishia barabarani, gesti na kwa mama ntilie. Ili kuelewa kwa nini, lazima tujue tiba ya mionzi inavyotolewa. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani wiki tano. Tibakemia hutolewa mara moja kwa wiki katika kipindi hicho, kisha hufuata mionzi ya ndani. Kila dozi ya mionzi ya nje ni ya dakika chache tu. Mgonjwa anashuka mezani, anajifunga khanga yake, anatoka, na hana tena shughuli hospitalini mpaka kesho yake. Wengi hawalazwi. Mama wa Newala anatibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, lakini usiku analala anakojua mwenyewe.

Tupige hesabu ya mfano. Gesti ya bei ya chini tuiweke 15,000 kwa usiku, na chakula cha mgonjwa na binti yake anayemuuguza tukibane kiwe 10,000 kwa siku. Kwa siku 35 hiyo ni 875,000, kabla ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kabla ya bajaji ya kila asubuhi, na kabla ya kipimo ambacho mashine yake imeharibika na mgonjwa akaambiwa akafanye nje. Wakati huohuo shamba halipaliliwi, na binti amefunga genge lake.

Ndipo linapokuja jambo ambalo familia nyingi hazielezwi vya kutosha. Wataalamu husisitiza kwamba tiba hii, mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja, ikamilike ndani ya wiki nane hivi, kwa sababu chembe za saratani hutumia kila mapumziko kujijenga upya. Mgonjwa aliyeishiwa fedha wiki ya tatu, akarudi kijijini kutafuta nyingine na kurejea baada ya mwezi, amepoteza sehemu ya faida ya dozi alizokwisha kupigwa. Kwa hiyo fedha ya gesti ni sehemu ya dawa, nayo inastahili kupangwa kama dawa inavyopangwa.

Bima zetu hazikutengenezwa kwa mtazamo huo. Mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ile ya 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikoma kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ilhali mionzi iko juu ya hapo. Kenya, ambako mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, mfuko wa bima ya jamii uliwekewa kikomo cha shilingi za Kenya 400,000 kwa saratani, na mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura 150,000, jumla 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Ni hatua kubwa, na inaokoa maisha. Hata hivyo fedha hiyo hulipwa hospitali, wala haimfikishi mgonjwa anayeishi mbali kwenye foleni ya mionzi.

Hapo ndipo tunapokimbilia harambee. Siidharau, maana imewafikisha wengi hospitali. Kasoro yake ni muda. Familia huficha ugonjwa kwa miezi, huuza inachoweza, huchukua mikopo ya kausha damu, na kundi la WhatsApp hufunguliwa mgonjwa akiwa hoi. Na tuseme ukweli: ndugu atakayetuma 5,000 wakati wa ugonjwa huyohuyo atatoa 50,000 msibani, pamoja na kukodi basi. Mchango uleule ukitolewa wiki ya kwanza unalipa malazi ya mwezi mzima wa mionzi.

Zipo njia zilizokwisha kujaribiwa karibu na sisi. Kwa watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limeshirikiana na hospitali kuhakikisha dawa zinapatikana bila malipo na mzazi ana mahali pa kulala na mtoto wake. Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa 2012 kaskazini mwa nchi, kimekuwa kikiwasaidia wagonjwa maskini nauli na chakula, kwa kutambua kwamba mgonjwa asiyekuja hatibiki.

Njia nyingine iko kwa madaktari wenyewe. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa saratani ya matiti dozi 15 za mionzi kwa wiki tatu hufanya kazi sawa na 25 kwa wiki tano, na utafiti uliochapishwa 2020 ukaonyesha kuwa baadhi yao hutosheka na dozi tano kwa wiki moja. Si kila mgonjwa anafaa, na mashine na wataalamu lazima wawe na uwezo huo. Lakini kwa anayefaa, wiki mbili zilizopungua ni gesti ya siku 14 isiyolipwa. Muulize daktari wako swali hilo bila haya.

Kwa familia iliyopata majibu ya kipimo cha kinyama wiki hii, anzeni na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza chochote. Msamaha hautolewi kwa kumwangalia mtu usoni. Mara nyingi huhitaji barua ya mtendaji wa kijiji au kata, na anayefika Dar es Salaam bila barua hiyo huanza kuhangaika kwa simu huku siku za gesti zikihesabika. Ichukueni kabla ya kupanda basi. Ulizeni pia dozi ni ngapi, zitachukua wiki ngapi, na kama hospitali ina hosteli. Majibu hayo ndiyo mpeleke kwenye kikao cha ukoo.

Serikali nayo inajua gharama hizi. Mtumishi wa umma anayesafiri kikazi hupewa posho ya kujikimu, kwa sababu inaeleweka kuwa hawezi kufanya kazi bila kula na kulala. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshapitishwa. Nauli na malazi ya mgonjwa wa mionzi aliyethibitishwa kuwa hana uwezo viingizwe kwenye kitita chake, na kila hospitali inayosimika mashine ya mionzi ijenge na hosteli.