Matoleo Mapya ya Albamu za Jazi na Imani ya Chapa ya Kwanza

Swali moja hurudi kila mara wapenzi wa jazi wanaoanza kukusanya santuri wanapokutana na wataalamu, nalo ni iwapo nakala waliyo nayo ni chapa ya kwanza, yaani iliyogandamizwa kiwandani albamu ilipotoka kwa mara ya kwanza, au ni toleo jipya lililofuata miaka mingi baadaye. Swali hilo lina uzito kwa mfanyabiashara wa vitu adimu na kwa mwanahistoria, lakini huulizwa kana kwamba jibu lake linamaliza pia suala la ubora wa sauti, na hapo ndipo linapopotosha, kwa sababu mwaka wa kutolewa hausemi ni kanda gani iliyotumika, ni fundi gani aliyechonga mifereji, wala nakala yenyewe imechakaa kiasi gani baada ya miaka sitini ya kupitiwa na sindano. Swali limejibiwa mara nyingi, na bado linaulizwa vilevile. Yafaa basi imani inayolizaa, kwamba chapa ya kwanza daima ndiyo yenye sauti bora, ichambuliwe hadi mwisho.

Imani hiyo haikuzuka bure. Kampuni ya Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939, iliuzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, na katika miaka iliyofuata albamu zake nyingi zilichapishwa upya kwa uzembe: mara nyingine kanda iliyotumika ilikuwa nakala ya nakala, na mara nyingine rekodi ya mono, yaani ya njia moja ya sauti, ilipitishwa kwenye vichujio vilivyopeleka sauti nyembamba upande mmoja na nzito upande mwingine, kisha ikauzwa kwa jina la stirio. Aliyelinganisha bidhaa hizo na santuri za miaka ya 1950 alisikia tofauti kubwa, akahukumu kwa haki kwamba za zamani zilikuwa bora. Kosa lilikuja pale hukumu iliyokuwa sahihi juu ya matoleo ya kipindi fulani ilipogeuzwa kuwa kanuni ya matoleo yote ya wakati wowote, na kanuni hiyo ikarithishwa kwa watu ambao hawajawahi kufanya ulinganisho wowote kwa masikio yao wenyewe.

Mfano unaoivunja kanuni hiyo bila kubakiza shaka ni albamu mashuhuri kuliko zote za jazi, Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa katika vikao viwili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia iliyokuwa Mtaa wa 30 jijini New York, na ikatolewa Agosti mwaka huohuo. Katika kikao cha Machi mashine mbili za kurekodi zilikuwa zikienda sambamba, moja ya kazi kuu na nyingine ya akiba, na mashine ya kazi kuu ilikuwa ikizunguka polepole kuliko ilivyopaswa. Kanda iliyorekodiwa polepole ikichezwa kwa kasi sahihi hukimbia, na sauti zote hupanda juu kidogo. Hivyo upande wa kwanza wa santuri, wenye vipande vitatu vya kikao hicho, ulitoka kiwandani ukiwa juu ya sauti ambayo wanamuziki walipiga kweli studioni. Mwanafunzi wa tarumbeta au wa saksafoni aliyetaka kupiga sambamba na santuri hiyo alilazimika kuirekebisha ala yake ili ilingane na kosa la mashine.

Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi mwaka 1992 ilipotumika kanda ya mashine ya akiba, iliyokuwa na kasi sahihi, kutengeneza toleo jipya. Isitoshe, rekodi ya awali ilikuwa ya njia tatu za sauti, na ili kupata santuri ya mwaka 1959 njia hizo zilichanganywa kwanza kwenye kanda nyingine, ilhali baadhi ya matoleo ya miaka ya 1990 yalichanganywa upya moja kwa moja kutoka kanda za njia tatu. Kwa maneno mengine, toleo la baadaye lilikuwa karibu zaidi na chanzo, na lilikuwa na sauti iliyo sahihi, kuliko nakala ya mwaka 1959 ambayo wakusanyaji wanaigombania. Hata vichwa vya vipande viwili vya upande wa pili vilibadilishana nafasi kwenye lebo za nakala za mwanzo, na leo kosa hilo la uchapaji huongeza bei badala ya kuipunguza. Mtu yeyote anayeendelea kudai kwamba chapa ya kwanza daima ndiyo inayobeba sauti ya kweli anapaswa kuieleza albamu hii kwanza.

Watetezi wa imani hiyo hukimbilia kwa Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya kazi za Blue Note, kwanza katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, na tangu mwaka 1959 katika studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Akiinamisha santuri ya miaka hiyo chini ya taa, mkusanyaji huona katika eneo laini lisilo na muziki, kati ya mfereji wa mwisho na lebo, herufi RVG zilizokwaruzwa kwa mkono au jina la Van Gelder lililopigwa kwa mhuri, na kando yake alama ndogo inayofanana na sikio, ambayo kwa hakika ni herufi P ya mwandiko wa mkono, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichoigandamizia Blue Note santuri zake hadi mwaka 1966. Alama hizo ni ushahidi mzuri kwamba santuri ilichongwa na fundi huyo na kugandamizwa na kiwanda hicho, na thamani yake kwa historia haina ubishi.

Lakini kuchonga santuri ni kazi ya kufanya maafikiano. Van Gelder alichonga kwa ajili ya wanunuzi ambao wengi wao walikuwa na mashine za bei nafuu, zenye sindano nzito iliyoweza kuruka mfereji besi ilipozidi, na kwa hiyo alipunguza sauti za chini kabisa, akaibana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, akaipandisha sauti nzima ili santuri isikike kwa nguvu. Sauti iliyopatikana ina msukumo unaopendeza, na kuipenda si kosa. Kosa ni kuiita sauti ya kanda mama, yaani kanda ambayo wanamuziki walirekodiwa moja kwa moja, kwa sababu besi ambayo Paul Chambers aliipiga mbele ya maikrofoni imo kwenye kanda kwa ukamilifu zaidi kuliko ilivyo kwenye santuri hizo. Wapo pia wanaosaka chapa za mono za mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiamini kuwa zilirekodiwa peke yake kwa mashine ya mono, ilhali Van Gelder alikwisha kuacha kurekodi kwa mashine mbili kuelekea mwisho wa mwaka 1958, na tangu hapo mono ilipatikana kwa kuziunganisha njia mbili za kanda ya stirio.

Baada ya hayo yote linabaki jambo ambalo mara nyingi husahaulika katika mabishano haya, nalo ni uchakavu. Santuri ya mwaka 1957 ilichezwa kwa sindano za wakati wake, nyingi zikiwa na uzito mara kadhaa ya ule wa gramu mbili hivi unaotumika leo, na kila ilipopita sindano hiyo ilikwangua kuta za mfereji ambao upana wake haufikii hata sehemu ya kumi ya milimita. Uharibifu huo hauonekani kwa macho na hauondoki kwa kuoshwa. Husikika pale tarumbeta inapopanda na sauti kuanza kukwaruza, hasa karibu na lebo ambako mfereji unabanana zaidi. Nakala inayong'aa inaweza kuwa imekwisha kufa masikioni. Hali hii ya nakala moja moja ina athari kubwa kuliko mwaka wa chapa, na mnunuzi anayelipa fedha nyingi bila kuisikiliza santuri amenunua lebo.

Kuhusu fedha, inatosha kutaja albamu ya Hank Mobley yenye namba 1568 ya Blue Note, ambayo chapa yake ya kwanza imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Bei hiyo inatokana na uchache wa nakala, na uchache hausikiki. Madhara ya kuchanganya uchache na ubora wa sauti yanawafikia hata wasomaji wa Kiswahili: katika albamu ya Randy Weston iitwayo Uhuru Afrika, iliyorekodiwa mwaka 1960 kwa mashairi ya Langston Hughes, Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasikika akisoma kwa Kiswahili, na ni dhuluma kumwambia msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam kwamba hajaisikia kazi hiyo hadi apate chapa ya mwanzo ya kampuni ya Roulette. Wanamuziki hawa walirekodi ili wasikilizwe.

Imani pacha ya ile ya chapa ya kwanza husema kwamba toleo jipya halifai iwapo kuna hatua yoyote ya dijitali kati ya kanda na santuri. Julai 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, iliyosifiwa na wakusanyaji kwa usafi wa matoleo ambayo wengi waliamini hayana dijitali ndani yake, ilikuwa kwa miaka mingi ikinakili kanda mama kwa dijitali kabla ya kuchonga. Wanunuzi walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa hawakuelezwa walichokuwa wakinunua, na suala hilo lilifika mahakamani; hata hivyo, masikio yaliyodai kuitambua dijitali mara moja yalikuwa yamezisifu santuri hizo muda wote huo. Juu ya uzito wa gramu 180, unaotangazwa kwenye majalada kama dawa, maneno machache yanatosha: mifereji huchongwa kwenye sahani ya laka kabla plastiki haijapimwa, kina chake hakibadiliki santuri ikiwa nene, na faida pekee ya unene ni kwamba santuri huenda ikachelewa kupinda.

Anayetaka kununua leo ana njia kadhaa. Mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note, ulioanza mwaka 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley, huchongwa na Kevin Gray kutoka kanda mama, na mfululizo nafuu wa Classic wa kampuni hiyohiyo huchongwa na fundi yuleyule, tofauti kubwa ikiwa kiwanda na ubora wa jalada. Kwa bajeti ya kawaida huo wa pili unatosha kabisa. Kazi za kampuni za Prestige na Riverside zinapatikana katika mfululizo wa Original Jazz Classics, ule wa miaka ya 1980 kwa bei ya mitumba na uliofufuliwa mwaka 2023 kwa bei ya juu. Matoleo ya Japani ya miaka ya 1970 na 1980 yaligandamizwa kwa unadhifu mkubwa, ingawa mengi yalitokana na nakala za kanda zilizotumwa kutoka Marekani. Asiye na mashine ya santuri asione haya kusikiliza kwa dijitali, maana toleo zuri la dijitali la Kind of Blue linashinda santuri iliyochakaa ya mwaka wowote.

Cha kuepukwa ni santuri za bei ya chini za Ulaya zisizotaja kanda wala fundi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ililinda rekodi kwa miaka 50, na ilipoongeza muda huo hadi miaka 70 kwa agizo la mwaka 2011 haikuzirudishia ulinzi zile ambazo muda wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 zinaweza kuchapishwa huko na yeyote, na wachapishaji wengi hawazifikii kanda mama, bali huchonga kutoka kwenye CD iliyonunuliwa dukani, bila familia ya mwanamuziki kulipwa chochote kwa rekodi hiyo. Maswali ya kumwuliza muuzaji ni matatu, yaani kanda gani imetumika, nani amechonga, na kama inaruhusiwa kusikiliza kabla ya kulipa. Na kwa nakala iliyokwisha kutumika, sindano iwekwe kwenye kipande cha mwisho cha kila upande, kwa dakika mbili, mahali tarumbeta inapopigwa kwa nguvu.