Ordinatere ya zamani: tubadilishe prosesere ao hapana?



Huku kwetu Ariwara, ordinatere nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumika kwa wengine. Zinatoka Kampala, zinapita Arua, zinaingia sokoni. Bei yake ni nafuu, na mtu wa machimbo aliyeweka akiba kidogo anaweza kumnunulia mtoto mashini ya kujifunzia. Lakini siku moja mashini inaanza kukokota. Ndipo fundi anasema: «Tubadilishe prosesere.» Kabla ya kutoa feza, ambayo pengine ni minerval ya mtoto, tuketi kwanza tuhesabu gharama, kama tunavyofundishwa katika Luka 14:28.

Tupime ugonjwa kwanza

Prosesere ni akili ya mashini: hesabu zote zinafanyika pale. Lakini si kila mara ndiyo mgonjwa.

Fungua sanduku, angalia vumbi. Vumbi jekundu la kwetu likijaa kwenye ventilatere, prosesere inapata joto, na yenyewe inapunguza mwendo ili isiungue. Burashi laini inaweza kuiponya bila kulipa kitu.

Kisha, kama mashini iko na Windows, fungua kazi zako za kila siku, bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, utazame. Kama rami ndiyo imejaa, ongeza rami. Kama diski ndiyo inachoka, tia diski ya SSD. Mara nyingi hiyo ndiyo inayobadilisha mashini kuliko kitu kingine. Kama prosesere peke yake inabaki karibu na 100, sasa fundi amesema kweli.

Si kila prosesere inaingia

Tutwae mfano wa Dell OptiPlex 790, mashini ya biro ya mwaka 2011. Kikao cha prosesere yake kinaitwa LGA 1155. Ikiwa ndani muna Core i3-2100 yenye mioyo 2, unaweza kutia Core i5-2400 yenye mioyo 4. Zote ni za mwaka 2011 na zinakaa mahali pamoja. Lakini prosesere za kizazi cha 3, za mwaka 2012, hata zikiwa na kikao kilekile, mashini hii haikutengenezwa kuzipokea. Kwa hiyo andika jina kamili la mashini yako kwenye karatasi, uende nalo sokoni. Tena umwombe muuzaji aonyeshe prosesere ikitembea mbele ya macho yako.

Usisahau moto. Ile i3 imepimwa wati 65, ile i5 wati 95. Mwenye plaki ya jua na batri ndogo atasikia tofauti wakati kazi ni nzito.

Kazi yenyewe

Chomoa kamba ya moto. Gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke. Ondoa ventilatere pole pole, inua kishikio, toa prosesere ya zamani kwa kushika pembeni. Vipini vidogo vilivyo ndani ya kikao usiviguse hata kidogo: vikipinda, karte yote inaweza kufa. Weka mpya ukifuata alama ya pembe tatu, bila kusukuma. Pangusa dawa ya joto iliyokauka, tia nyingine kiasi cha punje ya mchele, rudisha ventilatere na waya yake.

Mwisho wa barabara

Tuseme ukweli: Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inadai Core za kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashini ya 2011 haitafika pale hata ukiibadilishia prosesere. Lakini Linux ni ya bure, na LibreOffice inaandika barua na bultani vizuri. Kama feza ya prosesere, rami na diski pamoja inakaribia bei ya mashini ya kizazi cha 8, afazali kungoja na kuongeza akiba.

Ninyi vijana, jifunzeni kazi hii kwa mashini iliyokufa kwanza, si kwa ile ya paroki!

Ya kuzungumza nyumbani

1. Mashini yetu inatusaidia kazi gani hasa?
2. Ni nini kinachoichelewesha, na tumepima namna gani?
3. Feza hii ingetumika kwa nini kingine mwezi huu?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.