Huyu Dalali ni wa Nani?

Mwambie mama kwamba Jumamosi mnaenda kuangalia nyumba, swali lake la kwanza litakuwa: "Na huyo dalali mnamlipa ngapi?" Utamjibu, kwa fahari kidogo, kwamba hapa Uingereza mnunuzi hamlipi dalali hata senti. Atanyamaza. Halafu atauliza la pili: "Sasa anakula wapi?"

Hilo la pili ndilo swali lenyewe, na wengi wetu tuliozaliwa huku hatuliulizi. Wazazi wetu walikulia kwenye miji ambako dalali anajulikana. Dar ukitafuta chumba cha kupanga, unajua kabisa kwamba dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, na pengine hela ya kukuzungusha mtaani kabla hujaona hata mlango. Unajua pia kwamba anaweza kula huku na huku. Kwa hiyo unakaa naye macho wazi. Sisi tunamkuta kijana wa suti, ana ofisi ya vioo barabarani na anakumbuka jina la mtoto wetu, basi tunalegea.

Anakula kwa muuzaji. Hapa England na Wales (Scotland ina utaratibu wake), wakala wa nyumba anasaini mkataba na mwenye nyumba, na komisheni yake huwa ni asilimia ya bei itakayopatikana. Kazi aliyopewa ni kumtafutia mwenye nyumba masharti mazuri. Akikutumia ujumbe, "Nimepata nyumba itakayokufaa kabisa," bado ni wa muuzaji. Akikuletea funguo na maua siku ya kuhamia, bado.

Chukua mfano. Nyumba iko Milton Keynes, imetangazwa pauni 310,000. Mmetoa ofa ya 295,000. Mkiwa mnashuka ngazi, mmoja wenu anasema tu, kwa mazungumzo: "Benki imetukubalia mpaka 320, na hapa tunapopanga mkataba unaisha Septemba." Sentensi moja, mambo mawili. Jioni ile muuzaji atajua kwamba mna uwezo wa kuongeza na kwamba mna haraka. Kesho yake simu italia: mwenye nyumba anasema haendi chini ya 308. Wakala hajafanya kosa lolote. Angenyamaza ndipo angekuwa amemkosea mteja wake.

(Na wale mnaogeukia Kiswahili jikoni mkidhani mko salama, taratibu. Milton Keynes siku hizi huwezi kujua nani anasikia.)

Lakini tusimfanye adui, maana hesabu yake haiko hivyo. Tuseme komisheni ni asilimia 1.5. Bei ikipanda kwa pauni 10,000, ofisi yake inaongeza pauni 150 tu, na yeye binafsi atapata kipande cha hizo. Hizo hazimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni biashara kuvunjika, kwa sababu kwa kawaida halipwi mpaka nyumba iuzwe kweli. Na hapa ofa ikikubaliwa haimfungi mtu. Mpaka mikataba ibadilishwe, jambo linaloweza kuchukua miezi, muuzaji anaweza kukuacha akamfuata mwenye hela zaidi, na wewe unaweza kuondoka pia.

Kwa hiyo yapo ya kumwambia, tena kwa sauti: kwamba barua ya benki mnayo, wakili mmeshampata, na hamna nyumba ya kuuza kwanza. Hayo atayapeleka kwa muuzaji kama sifa zenu, na yanaweza kuishinda ofa iliyo juu kidogo ya yenu. Ya kubaki nyumbani ni kiwango chenu cha mwisho, tarehe inayowabana, na jinsi mlivyoipenda ile bustani. Akiuliza, "Mwisho wenu ni ngapi?" mwambieni ofa ni hiyo na mkopo unatosha kuilipa. Si uongo, na si ufidhuli.

Kuwa wa muuzaji hakumpi ruhusa ya kukudanganya. Kuna Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1979 na kanuni zilizoifuata mwaka 1991. Haruhusiwi kukutajia ofa ya mtu mwingine ambayo haipo. Ofa yako lazima aipeleke kwa muuzaji haraka na kwa maandishi. Na hili lisikilizeni: hawezi kukubagua kwa sababu umekataa kuchukua mkopo kupitia mshauri wa ofisi yao. Kuhakikisha kwamba una uwezo wa kulipa, sawa. Kukwambia ofa yako haitapelekwa mpaka ukae na mshauri wao, hapana. Ikitokea, lalamikia ofisi yenyewe kwa maandishi. Wiki 8 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda kwa msuluhishi ambaye kila wakala analazimika kuwa mwanachama wake, kama The Property Ombudsman. Mlango huo uko wazi kwa mnunuzi pia, ingawa hukumlipa wakala chochote.

Sasa nani ni wako? Wakili wako wa uhamisho wa nyumba, na mkaguzi uliyemlipa mwenyewe akapande darini na kupima unyevu. Hao tu. Yule anayetumwa na benki kuthamini nyumba anaifanyia kazi benki, hata kama gharama imetoka mfukoni mwako. Anataka kujua kama mkopo utarudi, si kama paa linavuja. Na ukipendekezewa wakili na ofisi ya wakala, uliza wanalipwa kiasi gani kwa kukupeleka huko. Wanatakiwa kusema.

Kwenye kupanga ni hivyo hivyo: wakala ni wa mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 England imepiga marufuku kumtoza mpangaji ada za wakala, na dhamana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5 kama kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Ukiombwa "ada ya kuandaa makaratasi", usitoe.

Wasikilizaji wa Marekani, kwenu mambo ni mengine. Mnunuzi huko kwa kawaida ana ejenti wake, na kwa miaka mingi malipo ya ejenti huyo yalitoka kwenye komisheni aliyolipa muuzaji. Kufuatia suluhu ya kesi dhidi ya chama cha NAR, tangu tarehe 17 Agosti 2024 ejenti wengi lazima wasainishane nawe mkataba wa maandishi kabla ya kukuonyesha nyumba, na malipo yao yatajwe humo wazi. Malipo hayo yanajadilika, na bado mnaweza kumwomba muuzaji ayabebe. Angalieni pia kama karatasi inamruhusu ejenti mmoja kusimama pande zote mbili. Majimbo kama Colorado na Florida hayaruhusu, kwingine kwingi inawezekana ukikubali. Na muda: ukisaini miezi 6 na mtu usiyemfahamu, ni miezi 6. Omba wiki 2 kwanza, au nyumba moja tu.