Pima Jeraha Kwanza, Ndipo Usuluhishe

Tuchukue mfano wa kibarua anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, na kupakia magunia ya dagaa wa chisense kwenye malori pale Kashikishi. Rundo linamporomokea, vidole vinasagika, anakimbizwa Hospitali ya Misheni ya St. Paul's. Juma la pili tajiri anamfuata na noti kadhaa na karatasi ya kutia sahihi, akisema wamalizane kinyumbani. Mgonjwa ana watoto, akiba hana, na wazee wanamkumbusha kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Ushauri wangu ni kwamba asisaini bado. Suluhu ni njia njema, lakini ina wakati wake.

Aanze kwa kutenganisha madai mawili ambayo watu huyachanganya.

Dai la kwanza huelekezwa kwa mfuko wa fidia. Nchini Zambia mfuko huo umewekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 10 ya 1999, na bodi inayousimamia ina makao makuu Ndola. Anayeuchangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote. Kwa kawaida mfuko haupimi nani alizembea. Huangalia kama mtu aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi hiyo. Dai hili tajiri hana mamlaka ya kulipunguza kwa mapatano. Wajibu wake ni kutoa taarifa ya ajali.

Dai la pili ni dhidi ya mwajiri mwenyewe, pale uzembe wake ulipoleta ajali: hakutoa vifaa vya kujikinga, au aliamuru mzigo upangwe kwa hatari. Ubishi huu ndio unaofaa kupelekwa kwa msuluhishi. Mambo hayafanani kila nchi. Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2007, aliyeumia kazini hupeleka dai lake kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala haanzii mahakamani. Mahakama ya Juu iliukubali utaratibu huo Desemba 2019.

Tukirudi Zambia, usuluhishi wa mahakama uliingizwa katika kanuni za Mahakama Kuu mwaka 1997. Jaji huipeleka kesi kwa msuluhishi aliyeidhinishwa. Msuluhishi hahukumu. Huwakalisha wote pamoja, kisha huweza kuzungumza na kila upande peke yake, akitafuta pale wanapoweza kukutana. Yanayosemwa humo ni siri, hayawezi kutumiwa mahakamani mazungumzo yakivunjika. Wakikubaliana, mkataba wao huwa na nguvu ya hukumu na haukatiwi rufaa. Nguvu hiyo humlinda mdai, kwa kuwa mwajiri hawezi kugeuka kesho. Humfunga pia, kwa kuwa yeye naye hawezi kurudi kuomba nyongeza.

Hii ndiyo sababu ya kupima kwanza. Kiasi cha fidia hutegemea kiwango cha ulemavu, na kiwango hicho hakijulikani kidonda kikiwa bado kibichi. Kidole kinachoonekana kupona kinaweza kukakamaa, na mkono usioshika gunia umepoteza riziki. Kwa mfano, nchini Tanzania mpaka wa viwango vya ulemavu uko wazi: ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipiwa pensheni ya kila mwezi, usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Pointi chache za daktari zinaweza kubadili maisha ya familia nzima. Anayesaini kabla ya kupimwa anauza kitu asichokijua ukubwa wake.

Wengi wa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa waliokimbia Kongo, hunyamaza wakidhani mkimbizi hana fidia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Zambia ilijiunga nao mwaka 1969, unasema vingine. Kifungu cha 24 kinataka mkimbizi anayeishi nchini kihalali atendewe sawa na raia katika mambo ya ajali za kazini. Kinaongeza kuwa mfanyakazi akifa, haki ya fidia haipotei kwa sababu tu warithi wanaishi nje ya nchi. Mjane aliyeko Pweto, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, asiambiwe kuwa ziwa limemkatia haki yake.

Basi, siku ya ajali mwajiri aarifiwe mbele ya mashahidi, na majina yao yaandikwe. Kila karatasi ya hospitali itunzwe, pamoja na ushahidi wa ujira, hata kama ni ujumbe wa malipo kwenye simu. Dai la mfuko lifunguliwe mapema. Kwa msuluhishi aende na mtu anayeijua sheria, na kama Kiingereza kinampiga chenga, aombe mkalimani bila aibu. Kabla ya kusaini aulize mambo matatu: daktari ameshatoa kiwango cha mwisho? Fedha zitalipwa lini na kwa njia gani? Je, karatasi hii inagusa dai langu la mfuko? Jibu la lolote likiwa halieleweki, ana haki ya kusema hapana na kurudi mbele ya jaji.